Niliyojifunza kwa Gérard Philipe

Gérard Philipe alifariki mjini Paris tarehe 25 Novemba 1959, zikiwa zimebaki siku tisa atimize miaka 37. Mimi nilikuwa bado sijazaliwa. Hata hivyo, katika miaka yote niliyoishi kwa kazi ya uigizaji hapa Ufaransa, hakuna mwigizaji niliyemrudia mara nyingi kama yeye, kwa kusikiliza rekodi zake, kutazama filamu zake na kusoma habari za kazi yake. Wafaransa wengi wakitajiwa jina lake hukumbuka kwanza uso, na kweli alikuwa na uso ambao kamera haikuchoka kuutazama. Kilichonifunza mimi ni kingine. Alipokuwa na jina kubwa kuliko karibu waigizaji wote wa rika lake, alilipeleka jina hilo kwenye kikundi, akakubali kulipwa na kutajwa sawasawa na wenzake, na ninaamini kwa dhati kwamba uigizaji wake ulikomaa kwa sababu hiyo hasa.

Nilimjua kwa sauti kabla ya kumwona. Nilisoma sekondari mjini Bukavu, katika shule ya mapadre ambako Kifaransa kilikuwa lugha ya darasani na Kiswahili kilikuwa lugha ya uwanjani, sokoni na nyumbani. Le Cid, tamthilia ya Pierre Corneille ya mwaka 1637, ilikuwa miongoni mwa vitabu vya lazima, nasi tuliikariri kwa haraka, kwa sauti moja, tukisubiri kengele. Padri aliyetufundisha fasihi alikuwa na santuri ya tamthilia hiyo, iliyorekodiwa na waigizaji wa Théâtre National Populaire, ukumbi wa taifa wa watu wote ambao Wafaransa huuita kwa kifupi TNP. Alasiri moja aliiweka kwenye gramafoni bila maelezo yoyote. Sauti ya Rodrigue, shujaa wa tamthilia hiyo aliyechezwa na Philipe, iliyotoka pale ilikuwa ya kijana, nyembamba kidogo, yenye kuvuta irabu za mwisho, na ilikuwa sauti ya mtu anayewaza. Maneno yale yale tuliyozoea kuyamwaga kwa mkupuo yalikuwa yanamjia moja moja, na kila lililomjia lilikuwa linamchoma.

Inafaa nieleze ufundi wenyewe, kwa sababu somo la kwanza limo humo. Mshororo wa tamthilia za Kifaransa za zama zile una mizani 12, nao hugawanyika katika vipande viwili vya mizani 6, kama vile mshororo wa shairi letu la mizani 16 unavyogawanyika katika vipande viwili vya mizani 8. Vina hufuatana viwili viwili. Katika tendo la kwanza la Le Cid, hata hivyo, Rodrigue anabaki peke yake jukwaani na mtindo unabadilika: anasema beti sita zenye mishororo kumi kila moja, mishororo mirefu na mifupi ikichanganyika, na kila ubeti unafungwa kwa vina vile vile, kituo chake kikiwa ni jina la Chimène, msichana anayempenda. Baba yake Chimène amempiga kofi baba yake Rodrigue. Kijana akilipiza kisasi atampoteza mpenzi wake. Asipolipiza atapoteza heshima, na mpenzi atampoteza vilevile. Mwigizaji asiye mwangalifu hufika kwenye kina akatua, akavuta pumzi, akaanza upya, na baada ya beti mbili hadhira husikia vina tu, isisikie tena maumivu. Philipe hafanyi hivyo. Hesabu ya mizani haimpotei hata mara moja, lakini pumzi anaivuta pale ambapo wazo linageuka, na jina la Chimène analifikia kila mara kwa uzito mwingine, kwa kuwa kati ya ubeti na ubeti kuna jambo ambalo Rodrigue amekwisha kulielewa.

Nilipoanza kucheza tamthilia za mizani katika kikundi kidogo karibu na Lyon, nilijiwekea zoezi ambalo hadi leo nawashauri vijana walifanye. Nilinakili maneno ya Rodrigue kwenye karatasi, nikaisikiliza rekodi ile kalamu ya risasi ikiwa mkononi, nikaweka alama kila alipovuta pumzi. Alama hizo ni chache sana. Kifua kile kilikuwa kimefunzwa. Alipokuwa Conservatoire, shule ya taifa ya uigizaji mjini Paris, wakati wa vita, alipitia mikononi mwa Georges Le Roy, mwalimu aliyeshikilia sana usemaji wa mashairi, na hata baada ya kupata umaarufu aliendelea kwenda kwake kuzipitia nafasi alizopewa. Watu husema alikuwa mwepesi kwa asili. Mimi niliyejaribu kuzifuata pumzi zake nasema wepesi ule ulikuwa umetolewa jasho.

Maisha yake ya mwanzo nitayapitia upesi. Alizaliwa Cannes tarehe 4 Desemba 1922, mtoto wa mwenye hoteli. Alianza jukwaani mjini Nice mwaka 1942, wakati ambapo watu wengi wa maonyesho walikuwa wamekimbilia kusini kutoka Paris, na mwaka 1943 akaitwa Paris kucheza nafasi ya malaika katika Sodome et Gomorrhe ya Jean Giraudoux. Vita viliigawa nyumba yao. Baba alikuwa upande wa walioshirikiana na Wajerumani, na baada ya vita akahukumiwa kifo akiwa hayupo mahakamani, kwani alikwisha kukimbilia Hispania. Mwana, Agosti 1944, alikuwa miongoni mwa vijana waliokuwamo ndani ya jengo la manispaa ya Paris wakati mji ulipokuwa unajikomboa. Hapa siwezi kupita upesi kama nilivyoahidi, kwa sababu natoka Kivu, na najua nyumba ambamo baba na mwana walijikuta katika pande mbili za vita. Mtu akitoka katika nyumba ya namna hiyo hapendi maneno matupu. Mwaka 1945, akiwa na miaka 22, Philipe alicheza nafasi ya Caligula katika tamthilia ya Albert Camus kwenye Théâtre Hébertot, yaani mtawala anayewaua watu wake kwa kufuata mantiki hadi mwisho wake, na ninapowaza kijana yule akiingia jukwaani kila usiku kuyasema maneno yale katika mji uliokuwa ndio kwanza unatoka vitani, naelewa kwamba uigizaji haukuwa kwake pambo.

Filamu ya Le Diable au corps ya mwaka 1947, iliyoongozwa na Claude Autant-Lara, ndiyo iliyomfanya nyota. Anaigiza mwanafunzi anayempenda mke wa askari aliye vitani, naye Micheline Presle ndiye mke huyo. Baada ya hapo milango ya sinema ilikuwa wazi, na mwigizaji mwingine angeingia humo asitoke tena.

Yeye alitoka. Jean Vilar, mwongozaji wa tamthilia aliyeanzisha tamasha la Avignon mwaka 1947, alikuwa amewahi kumwomba acheze Le Cid, naye akakataa kwa sababu hakujiona kuwa mtu wa tanzia. Kisha, mnamo Novemba 1950, alikwenda mwenyewe kwenye Théâtre de l'Atelier, ambako Vilar alikuwa akicheza, akamfuata kwenye chumba cha kuvalia, akamwambia kwamba yuko tayari kufanya kazi naye. Vilar alikuwa mtu wa jukwaa tupu na fedha kidogo, asiye na chochote cha kumwongezea nyota wa sinema isipokuwa kazi. Mambo yote mawili, kukataa kwanza na kwenda mwenyewe baadaye, yamenisaidia. Nilipofika Ufaransa, kikundi kimoja kilinipa nafasi ya Othello katika wiki zile zile za mwanzo, kwa sababu ya kimo changu na rangi yangu, kabla hata hawajanisikia nikisema mshororo mmoja. Nilishukuru, nikakataa, nikaomba nafasi ya mjumbe katika tamthilia nyingine. Jamaa zangu waliniona nachezea bahati. Nilimcheza Othello miaka mingi baadaye, katika kikundi kingine, nilipokuwa na pumzi ya kumfikisha hadi tendo la tano, na mwongozaji nilimfuata mimi.

Julai 1951, katika ua mkuu wa Kasri la Mapapa mjini Avignon, Philipe alicheza Le Prince de Hombourg ya Heinrich von Kleist, akiwa na Jeanne Moreau, na pia Le Cid. Katika mazoezi alikuwa ameanguka kutoka jukwaani akaumia goti, na Le Cid ikafunguliwa hivyo hivyo, yeye akicheza sehemu kubwa akiwa ameketi. Jambo hilo nililielewa vizuri zaidi nilipopata kazi ya kuwa mmoja wa umati katika onyesho lililofanyika ndani ya ua huo. Picha haziwezi kumweleza mtu ukubwa wa mahali pale. Kuta za mawe zinapanda juu sana pande zote, zikiwa na madirisha machache yaliyotawanyika, na mwigizaji akitazama mbele anaona mteremko wa viti ambao mwisho wake haumo tena katika mwanga. Jioni mbayuwayu hupita juu ya jukwaa wakipiga kelele, na ukivuma upepo wa mistral vazi linakuvutia upande mmoja, taa zinatikisika kwenye nguzo zake, na konsonanti unazozitoa mdomoni hazifiki kwenye safu ya kumi. Tuliokuwa kwenye umati tulifundishwa kupanua miguu, kuelekeza kidevu kwenye safu za mwisho na kutosogea bila sababu, kwa kuwa katika nafasi kubwa kiasi kile kila hatua inaonekana. Mtu aliyezoea kuigiza kwa nyusi mbele ya kamera hana pa kujificha hapo. Na mtu ambaye goti linamuuma, asiyeweza kutembea wala kupiga magoti mbele ya Chimène, amebakiwa na sauti na kichwa kilichoinuliwa. Vilar hakuwa ametumia mandhari za kupakwa rangi wala pazia. Kulikuwa na taa, tarumbeta za muziki wa Maurice Jarre, na mavazi yenye rangi kali yaliyobuniwa na mchoraji Léon Gischia. Katika hali hiyo kijana aliyeketi aliweza kulijaza jukwaa lote.

Mwaka huo huo Vilar aliteuliwa kuiongoza TNP, na Philipe akajiunga. Ukumbi wao wa Palais de Chaillot, wenye viti zaidi ya 2,500, ulikuwa umechukuliwa kwa mkutano wa Umoja wa Mataifa, kwa hiyo kikundi kilianzia Suresnes, kitongoji cha wafanyakazi kando ya Paris, mnamo Novemba 1951. Watu walikuja kwa siku mbili za mwisho wa wiki, wakatazama tamthilia, wakala pamoja na kucheza dansi usiku. Philipe alicheza Rodrigue. Alicheza pia Eilif, mtoto wa Mama Courage katika tamthilia ya Bertolt Brecht, nafasi ambayo inaonekana kidogo, inapotea, kisha inarudi kidogo tena. Kila ninapoufikiria usiku ule wa Suresnes nafikiria mtu aliyeshangiliwa akiwa shujaa katika onyesho moja, kisha katika jingine akasimama pembeni akimwachia jukwaa Germaine Montero, kwa kuwa tamthilia hiyo ilikuwa ya Montero.

Utaratibu wa TNP ulikuwa umefikiriwa hadi kwenye mambo madogo. Onyesho lilianza mapema ili mfanyakazi awahi usafiri wa kurudi nyumbani. Bakshishi kwa wahudumu wanaoonyesha watu viti ilipigwa marufuku. Bei ya tiketi ilikuwa chini, na maneno ya tamthilia nzima yaliuzwa kwa bei ndogo ili mtu akayasome nyumbani. Kwenye mabango majina ya waigizaji yalipangwa kwa alfabeti, na mshahara wa Philipe ulikuwa ule wa wenzake, mdogo sana ukilinganishwa na fedha alizokuwa akipewa na watengenezaji wa filamu. Mwaka 1952 ulipotoka mchezo wa sinema wa panga na farasi wa mwongozaji Christian-Jaque, Fanfan la Tulipe, akiwa na Gina Lollobrigida, uliotazamwa na mamilioni ya watu nchini Ufaransa na kumfanya ajulikane mbali sana nje ya nchi, jina lake kwenye bango la TNP lilibaki pale pale, kwenye herufi P.

Nimefanya kazi na watu wa aina mbili, na ninaweza kusema tofauti ilivyo kwa upande wa sisi wenye nafasi ndogo. Niliwahi kucheza na mtu mashuhuri wa televisheni aliyekuja mazoezini siku za mwisho tu, akawa anatumia mtu wa kumsimamia kabla ya hapo, na kwa hiyo sisi wengine tulijifunza kumtazama mtu ambaye siye. Usiku wa kwanza kila mmoja wetu alisema maneno yake vizuri na hakuna aliyemjibu mwenzake. Niliwahi pia kucheza na mwigizaji mwingine, mwenye jina kubwa zaidi ya huyo, aliyekuwa akifika kabla yetu, akikaa kitini wakati wa vipande visivyomhusu, na aliponiona nahangaika na hotuba yangu ya mjumbe alikuja akaniuliza kwa upole, "Kaka, unaponiletea habari hii, unataka niamini au unataka niogope?" Swali hilo lilinibadilishia kila kitu katika hotuba ile, na yeye pia alifaidika, kwa kuwa tangu siku hiyo nilimpa kitu cha kuogopa. Ndiyo maana sikubali maneno ya wanaosema kwamba Philipe alijitoa mhanga kwa ajili ya TNP. Alikuwa anajipatia wenzake wenye uwezo wa kumjibu, na mwigizaji hana mali kubwa kuliko hiyo.

Katika kikundi hicho alipewa pia kazi ya kuongoza. Mwaka 1952 Vilar alipougua, Philipe ndiye aliyeiongoza Lorenzaccio ya Alfred de Musset huko Avignon, akacheza yeye mwenyewe nafasi ya Lorenzo, kijana anayejifanya fisadi ili amkaribie na kumuua mtawala wa Firenze, hadi ufisadi wa kujifanya unamwingia mwilini. Nafasi hiyo kwa muda mrefu ilikuwa imechezwa na wanawake, kuanzia Sarah Bernhardt mwaka 1896. Yeye aliirudishia ujana wa kiume na uchovu wake. Baadaye alicheza Ruy Blas ya Victor Hugo na Richard II ya Shakespeare, na kikundi kilisafiri naye hadi Umoja wa Kisovyeti mwaka 1956 na New York mwaka 1958. Alipojaribu kuongoza filamu, Till l'Espiègle ya mwaka 1956, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na studio ya Ujerumani Mashariki, wakosoaji hawakuipokea vizuri. Nimeitazama, na kwa maoni yangu ina picha nzuri za majira ya baridi na mwendo usiotulia. Alirudi jukwaani bila kulalamika hadharani, na msimu wa 1958 alikuwa tena na Vilar, akicheza Les Caprices de Marianne ya Musset.

Filamu zake si zote zina uzito sawa. Kizazi cha waongozaji vijana kilichokuwa kinainuka miaka ile hakikuipenda sinema aliyokuwa akiifanya, sinema ya studio yenye maneno mengi na mavazi ya kihistoria, na kwa baadhi ya filamu nadhani walikuwa na haki. Lakini kuna filamu ambazo mwanafunzi wa uigizaji asizikose. Monsieur Ripois ya René Clément, ya mwaka 1954, inamfuata Mfaransa anayewadanganya wanawake mjini London, na Philipe anathubutu kumfanya mtu huyo awe mdogo na mwoga bila kutuomba tumhurumie. Montparnasse 19 ya Jacques Becker, ya mwaka 1958, inamwonyesha akiwa mchoraji Modigliani katika siku zake za mwisho. Ile ninayoirudia zaidi ni Les Orgueilleux ya Yves Allégret, ya mwaka 1953, iliyopigwa Mexico, ambamo yeye ni daktari Mfaransa aliyeharibiwa na pombe baada ya kifo cha mkewe. Watu wa baa wanamwambia acheze dansi ndipo apewe chupa. Anaanza kwa shida, miguu haimsikii, kisha mdundo unamkamata, anapiga kisigino, anageuka, anaanguka, anainuka, watu wanacheka, na Michèle Morgan anamtazama. Ukitazama kwa makini utaona kwamba haigizi ulevi hata kidogo. Anaigiza mtu anayejitahidi kucheza vizuri. Juhudi hiyo ndiyo inayotuumiza, na mwili ule uliofunzwa kusimama imara kwenye upepo wa Avignon ndio unaoweza kuanguka namna ile bila kuwa kichekesho.

Kuna upande wa kazi yake ambao vijana wachache wanaujua, nami niliujua kwa kuuhitaji. Mwaka 1957 aliandika makala yenye kichwa kisemacho waigizaji si mbwa, akichukua nafasi ya mbele katika mapambano ya waigizaji, na mwaka 1958 vyama vilivyokuwa vimegawanyika vilipoungana kuwa chama kimoja, Syndicat français des acteurs, yeye ndiye aliyekuwa rais wake wa kwanza. Alikuwa kileleni. Mikataba yake ilimlinda vya kutosha, na saa alizokaa kwenye vikao angeweza kuzitumia kwenye seti ya filamu yoyote aliyoitaka. Alikaa vikaoni kwa ajili ya wale wanaosema mshororo mmoja tu katika tendo la tatu.

Mimi nilikuwa mmoja wa hao. Hapa Ufaransa mwigizaji asiye na ajira ya kudumu hulipwa fidia ya kukosa kazi endapo amefikisha saa 507 za kazi katika miezi 12, na kwa hiyo kila saa ya mazoezi ambayo haikuandikwa inakuibia mara mbili: hulipwi leo, na mwisho wa mwaka haihesabiwi. Kampuni moja iliwahi kutufanyisha mazoezi wiki nzima ikituambia ni kipindi cha kufahamiana, hivyo hakuna malipo. Tulikuwa wageni wengi, wengine wakisubiri vibali vyao vifanywe upya, na hakuna aliyetaka kuonekana msumbufu. Dada mmoja wa Kikongo aliyekuwa amezoea kazi hizi kuliko sisi alitukusanya kwenye korido akasema, "Wadogo zangu, ogopeni kukosa mkate, msiogope karatasi." Tulikwenda kwenye ofisi ya chama, ambacho ni kile kile kilichoanza na Philipe ingawa jina lake limebadilika kidogo, na mwanamke aliyetupokea alitusomea mkataba kifungu kwa kifungu. Tulilipwa. Kwa miaka mingi tangu hapo nimekuwa nikilipa ada ya uanachama, na nimekaa katika vikao virefu vya kuchosha kuhusu viwango vya nauli na malazi safarini. Katika vikao hivyo hunisaidia kujua kwamba mtu aliyecheza Caligula na Fanfan alikaa kwenye viti vya namna hii hii kuzungumzia mambo ya namna hii hii.

Mwaka wake wa mwisho ulijaa kazi. Alicheza On ne badine pas avec l'amour ya Musset kwenye TNP, akaigiza katika Les Liaisons dangereuses ya Roger Vadim, kisha akaenda Mexico kwa filamu ya Luis Buñuel, La Fièvre monte à El Pao, ambayo ilikuja kuwa ya mwisho kwake. Alirudi akiwa amechoka, na alipofanyiwa upasuaji Novemba 1959 madaktari walikuta saratani ya ini ambayo haikuwa na tiba. Yeye hakuambiwa. Mkewe Anne ndiye aliyeubeba ukweli huo kitandani pake hadi mwisho, akamwacha apange kazi za miezi inayokuja, asome tanzia za Kigiriki na kuwaza juu ya Hamlet, nafasi ambayo hakuwahi kuicheza. Alizikwa katika kijiji cha Ramatuelle, karibu na Bahari ya Mediterania, akiwa amevishwa vazi la Rodrigue.

TNP ilihamia Villeurbanne mwaka 1972, na mimi ninaishi mji huo huo, ingawa kikundi chetu hakina uhusiano nayo wowote isipokuwa basi moja linalopita kwenye milango yote miwili. Msimu huu tunafanya mazoezi ya Lorenzaccio. Nimepewa nafasi mbili: mfanyabiashara wa hariri, ambaye katika tendo la kwanza anabishana na mfua dhahabu kuhusu anasa za watu wa kasri, na Philippe Strozzi, mzee mwema aliyeamini maneno ya uhuru hadi binti yake alipouawa kwa sumu. Kijana anayemcheza Lorenzo ametoka shule ya uigizaji mwaka jana. Ana sauti nzuri, na anatua kwenye kila nukta, kwa hiyo jioni tunabaki wawili tukiupitia mkutano wake mrefu na Strozzi wa tendo la tatu, yeye akinieleza kwa nini ni lazima aue na mimi nikitafuta namna ya kumsikiliza isiyomwachia upenyo wa kuhutubia. Bado tunajadiliana kama kuwe na mandhari. Mwongozaji wetu angependa ukuta wa Firenze uliopakwa rangi. Mimi na wengine wawili tumemwomba atupe jukwaa tupu, taa na mavazi yaliyoshonwa vizuri, na jibu lake tutalipata Jumatatu.